Kiwanda chetu, paka wawili na ile mani planti ya kidakani

Nilimkuta Shombo kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, saa kumi na mbili na kitu asubuhi, mate yanamtoka kama bomba bovu. Sio yale mate ya paka akiona mtu anaparua samaki, la, haya yalikuwa ya uzi, yanashuka mpaka kifuani, kifua chote kimelowa, na yeye anajipangusa mdomo kwa mkono tena na tena kama mtu aliyetafuna pilipili mbuzi akidhani ni hoho. Nikamwita hakuja. Nikamwekea utumbo wa changu, akanusa akageuza uso. Sasa Shombo kukataa utumbo wa samaki, jina lenyewe amelipata hapo, nikajua hapa kuna jambo.

Bibi akachungulia kutoka juu. "Ana nini paka wako yeo?"

Nikamwambia sijui bibi, labda kaumwa na nge. Bibi akasema, "Mfungue mdomo umtazame, wacha kukisia." Nikamfunga kwa leso (mwenye paka anajua kwa nini leso ni lazima), nikamfungua mdomo, ndani kwekundu, ulimi umevimba kidogo pembeni. Nge gani anauma ndani ya mdomo? Nikarudi ndani, na chini ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nikaona kipande cha jani kimeanguka sakafuni, kina alama za meno, vitundu vinne vizuri kabisa kama vya stepla.

Ilikuwa mani planti. Ile ile niliyoipanga kidakani mwenyewe, ikining'inia chini kama shanga, nikaipiga picha nikaiweka stetasi, watu wakanipa maua na mioyo wee.

Wacha niseme mapema, Shombo yuko hai, na wakati naandika hivi amelala juu ya mkeka niliofua. Ila siku ile nilijifunza mambo mengi kwa asubuhi moja kuliko miaka yote niliyofuga paka, na kwa sababu mji huu wetu wa Lamu paka ni wengi kuliko watu wakati mwingine, nikaona niandike, maana najua sio mimi peke yangu niliyeingia kwenye hii fasheni ya mimea ya ndani.

Kilichomtokea ni hivi. Umewahi kula gimbi halijaiva vizuri? Ile washa ya koo na ulimi, unataka kujikuna na huwezi? Basi ndo hiyo hiyo. Mani planti, difenbakia, filodendroni, monstera, kaladiamu, na ile yenye ua jeupe kama tanga wanaiita pisi lili, zote ni ukoo mmoja na magimbi. Ndani ya majani yake mna vijiwe vidogo sana vya kalsiamu oksaleti, vimechongoka kama sindano, paka akiuma tu sindano zinaruka zinajichoma kwenye ulimi na ufizi na koo. Gimbi tunalipika likaiva tukala kwa tui, lakini mani planti nani anampikia paka. Habari njema ni kwamba kwa sababu inauma papo hapo, paka wengi hawaendelei kula, wanauma mara moja wanaacha, kwa hiyo ni mateso ya saa kadhaa na mara nyingi inapita. Ubaya unakuja kama uvimbe umefika kooni akashindwa kupumua vizuri, hapo sio pa kungoja.

Mimi nilimfuta mdomo kwa kitambaa chenye maji, nikamfuta tena, nikampa supu ya samaki isiyo na chumvi kwa kijiko, ile ya kulazimisha kidogo kidogo. Saa nane mchana akaanza kula.

Lakini kabla ya saa nane hiyo, ushauri nilioupata! Jirani mmoja akasema mpe maziwa yanaua sumu. Mwingine, mnyweshe maji ya chumvi atapike. Mwingine, na huyu ndiye alinitisha kuliko wote, akaja na kidonge cha paracetamol mkononi, amekigawa nusu kwa huruma kabisa, eti cha kumtulizia maumivu. Jamani. Paracetamol kwa paka ni kifo. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa ile kama letu, kidonge kimoja tu kinatosha kummaliza, damu yake inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya udongo. Chumvi nayo ukimlazimisha mnyama mdogo vile inaweza kumdhuru kuliko hilo jani alilokula. Na maziwa, paka wengi wakubwa yanawaharisha tu, hayaui sumu yoyote. Kwa hiyo ukiona paka wako ametafuna kitu, chukua jani lenyewe au lipige picha, nenda nalo kwa daktari wa wanyama, umwambie saa ngapi na kiasi gani, basi. Usimtapishe mwenyewe.

Sasa Shombo alipolala mi nikaanza kuikagua nyumba kama askari wa forodha. Nina difenbakia ngazini, mbili. Monstera moja, nimeileta kutoka Malindi kwa basi nimeipakata mpaka Mokowe, halafu kwenye boti nikaifunika kwa kanga isipigwe na maji ya chumvi, mtoto mchanga hajabebwa hivyo. Pisi lili moja. Mani planti tatu. Na ule mkonge wa mapambo wenye mistari, ambao ni mmea wa huku huku kwetu Afrika lakini tumeusubiri utoke kwenye mitandao na chungu cheupe ndo tuuone mzuri, huo nao una saponini, paka akiutafuna anatapika na kuharisha. Yaani mimea yangu yote ya pesa, yote niliyoitafuta kwa picha za intaneti, hakuna hata mmoja ulio salama kwa paka. Hata mmoja!

Halafu nikatoka kiwandani, upande wa bibi. Wasiojua, kiwanda kwa nyumba za Kiamu si kiwanda cha saruji, ni ule uwazi wa katikati ya nyumba usio na paa, mwanga na hewa vinaingilia hapo. Upande wa bibi mna asmini, mawaridi mawili ya zamani yale ya harufu, na rihani kwenye debe la mafuta lililotobolewa. Nimekua nikiiona mimea hii nikiona ni mambo ya kizee. Nikachukua simu nikatafuta mmoja mmoja, kuna shirika la wanyama la Marekani linaitwa ASPCA wana orodha ndefu ya mimea yenye sumu na isiyo na sumu kwa paka. Asmini, ile ya kweli, haina sumu. Waridi halina sumu, miiba tu. Rihani haina sumu. Bustani nzima ya vikuba, vile vishada vya kunukia vya kujipamba, paka angeilalia, angeitafuna, angeifanya blanketi, asidhurike. Nikabaki nacheka peke yangu. Bibi hakusoma orodha yoyote, anapanda anachotaka kukinusa Alhamisi jioni, na kumbe ndo yeye mwenye nyumba salama na mimi mwenye simu ndo nimeleta sumu kidakani.

Ila nisimpambe sana bibi pia, maana si kila cha zamani ni salama. Shubiri anayo kwenye mkebe mlangoni, ule utomvu wa manjano chini ya ganda unamtapisha paka vibaya. Mnyaa ambao watu wanaufanya ua, maziwa yake yakiingia jichoni ni kilio, kwa paka na kwa mtu. Waridi la jangwani, lile lenye shina nene kama tumbo na maua ya pinki, ni la huku huku pwani na linapendeza haswa, lakini utomvu wake ndio watu walikuwa wanapaka kwenye mishale, unashika moyo. Na mtapo ule, unaofanana na mnazi mfupi, mahoteli wanauweka mlangoni kwenye vyungu vikubwa: mmea wote sumu, mbegu ndo zaidi, unaua ini. Oleanda hiyo usiulize, moyo pia. Mchaichai wa kwenye chai nao uko kwenye orodha, lakini huo unasumbua tumbo tu, na Kaimati wangu (paka wa pili, mviringo, mweupe, jina limejileta) anaupenda kupita kiasi, anautafuna anatapika kwenye zulia anarudi kuutafuna. Nimeuhamishia darini.

Basi vyungu nikaviondoa. Mani planti na pisi lili zimeenda kwa dada yangu, mume wake hataki paka ndani. Monstera ameichukua rafiki. Difenbakia nikampa ami, ofisi yake iko karibu na bahari, chumba kimoja, haina paka, haina hata panya wa kumleta paka.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa chini, sio kwenye vyungu.

Kiwanda chetu chini ni mchanga na vifusi vya matumbawe vya tangu nyumba inajengwa. Kama mita nne kwa tano. Mvua ikinyesha ni tope jeupe, jua likiwaka ni vumbi jeupe, na saa zote ni choo cha paka, wetu na wa majirani na wale wasio na wenyewe. Mchanga laini na mkavu, paka anautaka kuliko kitu chochote, yaani ukimtengenezea bafu la marumaru ataenda mchangani. Sasa wifi yangu alipokuja kukaa nasi akiwa mjamzito, daktari akamwambia ajitenge na kinyesi cha paka kwa sababu ya tokso, kile kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Watu wakaanza kusema fukuzeni paka. Bibi akasema paka wa nyumba haingwi, tafuteni akili nyingine. Na ni kweli akili nyingine ipo: mayai ya kile kimelea yakitoka kwa paka hayaambukizi hapo hapo, yanachukua siku moja mpaka tano, kwa hiyo ukiokota kinyesi kila siku, na mjamzito asiokote yeye, avae glovu akigusa udongo na aoshe mboga vizuri, hatari inapungua sana bila kumfukuza mtu wala paka. Lakini huwezi kuokota kila siku kwenye kiwanda kizima. Lazima ardhi ifunikwe, na paka wapewe pao.

Hapo ndo nikaanza kutafuta mmea wa kufunika ardhi, na nikaharibu mara tatu kabla ya kupatia.

Mara ya kwanza wedelia. Ile ya majani ya kijani yanayong'aa na maua ya manjano kama vializeti, mahoteli wanaipenda. Niliomba vipande vitano tu, nikachomeka mwanzo wa masika. Mwezi wa saba ilikuwa imefunika kiwanda, imepanda karo, imeingia kwenye rihani, ikaanza kuulizia njia ya msana, yaani ukumbini. Nikaja kusoma kwamba imo kwenye ile orodha ya dunia ya viumbe 100 vamizi vibaya zaidi. Asili yake Marekani ya kitropiki. Kuing'oa ilikuwa kazi ya wiki, kila kipande cha shina kikibaki kinatoa mizizi, na ukiitupa ufukweni umehamisha tatizo, inabidi uianike juani mpaka iwe ukoko au uichome. Kama una shamba jirani, usiianze kabisa.

Mara ya pili vinka. Yale maua meupe na ya pinki yenye petali tano, yanaota popote penye mchanga na chumvi, hata kandokando ya makaburi nimeyaona, hayataki maji, hayataki mbolea, mazuri mwaka mzima. Nikasema haya ndo yenyewe. Nilikuwa nimeshapanda mstari mzima ndo nikafikiria kuangalia orodha. Vinka asili yake Madagaska, na ndani yake ndimo walimotoa dawa za saratani, vinkristini na vinblastini. Dawa inayozuia seli kugawanyika ndani ya mwili wa mtu, sasa paka wa kilo tatu akitafuna majani yake itakuwaje? Anatapika, anaharisha, akizidisha anaanza kutetemeka. Nikang'oa yote. Hiyo iliniuma kuliko wedelia maana vinka kwa kweli ilikuwa imependeza.

Portulaka nilitaka kuipanda, yale maua ya rangi rangi yanayofunguka jua likiwa kali na kujifunga jioni, nayo iko kwenye orodha mbaya, oksaleti tena, safari hii zile zinazoyeyuka na kushika figo. Lantana usiseme. Kwa hiyo unaona, ukiwa na paka pwani, mimea mingi inayostahimili jua na chumvi ni ile ile yenye sumu, na nafikiri si bahati mbaya, mmea unaoishi kwa shida unajilinda kwa ukali.

Mara ya tatu nyasi za kawaida za kununua, zile laini, zikafa kwa maji yetu. Hili watu wa bara hawalijui: kisima cha nyumbani hapa mjini kina chumvi, unaweza kuoga nayo maji yake lakini nyasi laini inaungua ncha, inakuwa ya hudhurungi, inakwisha. Maji matamu yanatoka upande wa Shela chini ya matuta ya mchanga, na mtu mwenye akili hawezi kuyamwagia nyasi.

Kilichoshika ni mchanganyiko, na hakikutoka kwenye picha yoyote.

Katikati panapopigwa jua nimeweka paspalamu ya pwani, nyasi ya majani membamba ya kijani iliyokoza. Hii inaota mpaka penye maji ya bahari yanapofika, kwa hiyo maji ya kisima haiyashangai. Nilipata vipande kwa mtunza bustani mmoja Shela, akanifunga kwenye gunia bichi, nikavipanda vya upana wa kiganja kwa nafasi ya shibiri moja hivi. Miezi mitatu ya mwanzo ni kungoja tu, unaona mabaka unajuta, halafu siku moja unaona imekutana. Paka wanaitafuna na haina neno. Inataka kukatwa mara kwa mara la sivyo inakuwa zulia nene la kuzamisha mguu, mi naikata kwa mkasi mkubwa nikiwa nimekaa kwenye kibao cha mbuzi, watu wakinicheka.

Upande wa ukuta penye kivuli nimepanda spaida planti ardhini, sio kwenye chungu. Watu wanaijua ya kuning'iniza, lakini ni mmea wa Afrika na chini ya kivuli inatambaa kwa watoto wake, kila mtoto akigusa ardhi anatia mizizi, baada ya mwaka umefunika ukuta mzima bila kununua tena. Haina sumu. Shida yake moja, paka wanaipenda kama muguka, Kaimati ameinyoa mpaka imekuwa kama nywele za askari. Inaota tena.

Penye mtungi panapodondoka maji nimeweka fani, zile za majani kama kitana, Boston wanaziita, nazo hazina sumu. Na pembeni kuna karanga ya mapambo nilipewa na rafiki wa Malindi, inatambaa, ina viua vya manjano usiku inafunga majani, ni jamii ya karanga kweli na kwingine wanalisha ng'ombe. Hiyo haipendi chumvi, kwa hiyo inapata maji ya mvua tuliyokinga jabiani (birika la kuhifadhia maji), na sehemu yake ni ndogo, kama mkeka wa kuswalia.

Palipobaki, chini ya asmini na mawaridi, nimetandaza makumbi. Makumbi ya nazi yaliyochanwa chanwa, bure kabisa, kila nyumba inatupa. Yanazuia jua lisikaushe udongo, yakioza yanakuwa mbolea, na paka hataki kuchimba pale kwa sababu yanakwaruza miguu na hayafukiki. Ndugu zetu walioko Ulaya watanisamehe, huko wanauza maganda ya kakao ya kutandaza bustanini, yanukia chokleti, hayo yana sumu ile ile ya chokleti kwa mbwa na paka. Makumbi hayana habari.

Udongo wenyewe ilibidi nisaidie. Mchanga wetu umejaa chokaa ya matumbawe, mmea unashindwa kuvuta chuma, unaona jani limekuwa manjano lakini mishipa yake bado ya kijani, asmini ya bibi ilikuwa hivyo miaka. Samadi ya punda ndiyo iliyoponya, na punda hapa hawakosekani, lakini iache ioze miezi mitatu minne kwanza, mbichi inaunguza na inaleta magugu ya kila aina.

Na hapa nikiri upumbavu wangu mmoja. Nilisikia vichwa vya samaki ni mbolea nzuri, na ni kweli. Nikafukia vichwa vya nguru vitatu chini ya mawaridi, jioni, kimya kimya, nikatandaza makumbi juu nikajisifu. Usiku saa nane nikasikia kama watu wanahamia. Nikatoka na tochi, paka sijui kumi na mbili, wengine sijawahi kuwaona mtaani Mkomani, sura za Langoni kabisa, mmoja ana kichwa cha nguru amesimama juu ya rihani ya bibi ananiangalia kama mimi ndo mgeni. Waridi moja limelala mizizi juu. Bibi asubuhi hakusema kitu, alilisimamisha waridi, akalikanyagia udongo, akaniangalia tu.

Choo chao sasa ni karai kubwa pembeni ya karo, lina mchanga wa ujenzi uliochekechwa, laini kuliko sehemu nyingine yoyote ya kiwanda, hiyo ndo siri, fanya kwingine kote pawe pa kukwaruza na pale pawe pa raha, watahama wenyewe ndani ya wiki. Naokota kila asubuhi. Mchanga usichote Shela tafadhali, matuta yale ndo yanatutunzia maji.

Kingine kilichosaidia ni kuwapandia majani yao. Paka anataka majani, ndo maumbile yake, ukimnyima ya halali atakula ya haramu. Nachukua ngano konzi moja, naloweka usiku kucha, naimwaga kwenye bakuli la udongo, siku ya saba iko urefu wa kidole na wanaipapia. Shayiri pia sawa. Ila usitumie mtama, na hili wafugaji wanalijua, mtama mchanga una sumu inayoua hata ng'ombe, ule wa sayanidi, watu wanangoja ukomae ndo walishe.

Nimebakisha moja, na ndo kubwa kuliko zote, nimeiweka huku kwa sababu bado nikiikumbuka mwili unanisisimka. Harusi ya binamu yangu, maua yaliletwa kwa ndege kutoka Nairobi yakateremkia Manda, mashada makubwa, na usiku baada ya kesha shangazi akaniletea shada moja la kuweka nyumbani, "Chukua mwanangu, mazuri haya yasioze bure." Waridi, na katikati yake maua makubwa meupe ya tarumbeta, yenye vile vijiti vya vumbi la rangi ya machungwa linalochafua nguo. Lili. Lili ya kweli, sio pisi lili. Niliyaweka mezani nikaenda kuvua buibui, na kwa sababu ilikuwa baada ya kisa cha Shombo nikawa na mazoea ya kuangalia kila kitu, nikaangalia.

Lili kwa paka si kutapika wala mate. Inaua figo. Jani, petali, hata yale maji ya kwenye chombo. Hata lile vumbi tu, limdondokee mgongoni, yeye ajilambe, maana paka hujilamba kila saa, basi limeingia. Mwanzo anatapika kidogo na kukaa kinyonge, anaweza kuonekana kama amepata nafuu, na ndani ya siku moja mpaka tatu figo zimekwisha. Anatakiwa apate maji ya mshipa haraka, ikipita kama saa 18 bila matibabu mara nyingi hakuna kurudi. Na kisiwani hapa saa 18 unajua zinavyokwenda, Ijumaa jioni umtafute daktari, boti, basi, hapo hapo zimekwisha.

Niliyabeba yale maua nje uchochoroni kwenye mfuko uliofungwa, nikafuta meza mara mbili, nikabadilisha nguo, nikamkagua Kaimati manyoya yote kwa mwanga wa simu maana yeye mweupe, doa lolote la machungwa lingeonekana. Hakuwa nalo. Shangazi kesho yake akauliza maua yako wapi, nikamweleza, akanuna siku mbili. Halafu Jumapili nikamsikia mwenyewe anamweleza jirani yake kwa sauti, "Lili usiingize ndani, zinaua paka figo," kama kazaliwa anajua.

Sasa kiwanda kimetulia. Jioni bibi anachuma asmini kwenye kikapu kabla hazijafunguka, Shombo analala chini ya debe la rihani, na mi nakata nyasi yangu kwenye kibao cha mbuzi.

Kilichobaki ni difenbakia. Jana ami amenitumia picha kutoka ofisini. Paka mweusi, mdogo, sijui katokea wapi, amelala juu ya mafaili yake na mkia umegusa chungu. Chini yake ameandika, "Nimepata karani." Nimemwambia nakuja kuichukua baada ya alasiri, lakini tangu asubuhi nawaza niipeleke kwa nani, na kila nyumba ninayoifikiria namwona paka wake mlangoni.